Narayana Guru na Shiva wa Wagema

Pwani yetu mgema ana nafasi yake, ya heshima au ya dhihaka, kutegemea nani anazungumza. Hupanda mnazi alfajiri na kotama kiunoni, hushuka na kibuyu, na methali imeshamsema kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Shehe atamkemea kwa kuuza ulevi, mchungaji naye atamkemea. Lakini mwanawe hazaliwi na unajisi, wala hakuna aliyepima hatua ngapi asimame mbali na ukuta wa msikiti. Ng'ambo ya bahari hii hii, kwenye pwani ambayo mabaharia wa majahazi waliijua kwa jina la Malibari kwa sababu ya pilipili na mbao za msaji, hatua zilipimwa. Mgema wa Kerala, mkewe, na mtoto wake ambaye hajawahi kushika kotama, wote walihesabiwa kuwa watu wanaochafua kwa kusogea tu.

Waliitwa Waezhava, na upande wa kaskazini Wathiyya. Si wote waliogema. Wengi walilima, wengine walifuma nguo au kusokota kamba za usumba, na walikuwamo waganga wa ayurveda waliosoma Kisanskriti vizuri kuliko makuhani kadhaa. Hayo hayakuwasaidia. Katika ufalme wa Travancore, kusini mwa Kerala, hawakuruhusiwa kuingia mahekalu makubwa wala kupita baadhi ya barabara zilizoyazunguka, na ajira za serikali hazikuwa zao. Juu yao walikuwepo Wanair, na juu kabisa Wabrahmini wa Kinambudiri. Chini yao walikuwepo Wapulaya na Waparaya, vibarua wa mashamba ya mpunga, ambao Travancore iliwaondolea utumwa kisheria mwaka 1855 tu. Hawa wa chini naomba msomaji awaweke kando kidogo, maana ndio watakaotupa kipimo cha yule ninayetaka kumzungumzia.

Narayana Guru alizaliwa 1856 katika kijiji cha Chempazhanthy, karibu na Thiruvananthapuram, katika familia ya Kiezhava. Baba alikuwa mwalimu, mjomba mganga. Alipelekwa kusoma Kisanskriti, akarudi kufundisha watoto, akaozwa ndoa ambayo haikudumu, kisha akaondoka nyumbani. Alitangatanga miaka kadhaa na kukaa pangoni kwenye mlima wa Maruthwamala, karibu na ncha ya kusini kabisa ya India. Sehemu hiyo ya maisha yake inafanana na ya watawa wengi, na sitaikawilia.

Yasiyofanana yalianza usiku wa sikukuu ya Shivaratri mwaka 1888, kando ya mto Neyyar, mahali paitwapo Aruvippuram. Aliingia mtoni, akazama kwenye kina, akaibuka na jiwe ambalo halikupata kuguswa na mchongaji. Wanaosimulia husema alisimama nalo kifuani kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka, umati ukilitaja jina la Shiva, kisha akaliweka juu ya mwamba. Tangu hapo likawa Shiva, likaabudiwa. Kumsimika mungu mahali pake ilikuwa kazi ya Wabrahmini peke yao, yenye vitabu vyake, saa yake na ada yake. Mwezhava mmoja aliifanya kabla jogoo hajawika.

Wakubwa wakauliza amepata wapi idhini. Jibu lake linajulikana Kerala nzima: kwamba Shiva aliyemweka ni Shiva wa Waezhava, si wa Wabrahmini. Waandishi wengi wa sifa zake hulisoma jibu hilo kama unyenyekevu wa mtawa asiyetaka ugomvi. Mimi nasikia kicheko ndani yake. Kuhani akikubali kwamba lile ni Shiva, amekubali kwamba mkono wa Mwezhava umeweza kumweka Shiva. Akikana, basi hakuna kosa lililotendeka. Jiwe tu limehamishwa kutoka mtoni. Na kwa kuwa ni Shiva wa watu wengine, yeye yanamhusu nini? Katika mabishano yote ya dini niliyowahi kuyasoma, ni machache yaliyomalizwa kwa maneno machache namna hiyo.

Njia ya kawaida ya kudai haki ilikuwa nyingine, na ilijaribiwa kwa uaminifu. Daktari Palpu, Mwezhava aliyezaliwa Thiruvananthapuram mwaka 1863, alisomea udaktari Madras akarudi kwao kuomba kazi. Serikali ya Travancore ikamkatalia kwa sababu ya uzao wake. Akaenda kuajiriwa katika ufalme wa Mysore, ambako alihudumia wagonjwa wa tauni mjini Bangalore, huku mji aliozaliwa ukimwona hafai kumshika mgonjwa mkono. Palpu akaandika maombi, akakusanya watu. Waraka wa 1896 ulipelekwa kwa mfalme ukiwa na saini 13,176 za Waezhava wakiomba shule na ajira. Msimamo wa serikali ulikuwa kwamba watu hawa wanaridhika na kilimo, usumba na kugema tembo, na hawana haja ya elimu ya juu. Saini elfu kumi na tatu na ushei, na jibu ni kwamba mmeridhika!

Simdharau Palpu, bila yeye Guru angebaki mtawa wa kando ya mto. Yeye ndiye aliyeona kwamba umati wa Aruvippuram ungeweza kuwa chama. Mwaka 1903 kamati ya hekalu lile ikakua na kuandikishwa kuwa SNDP Yogam, Guru akiwa rais na mshairi Kumaran Asan katibu wake. Lakini tazama tofauti. Waraka wa Palpu ulimwomba mwenye mlango afungue. Guru aliuacha mlango ule ulivyo, akajenga nyumba nyingine, akaweka mungu ndani, akakaribisha watu. Mfalme hakuwa na la kukataa kwa kuwa hakuna aliyemwomba.

Mahekalu yakafuata, moja baada ya jingine, kusini hadi kaskazini. Mtu akiyatazama kwa mpangilio ataona Guru anapunguza mambo kila mara. Aruvippuram paliwekwa jiwe. Sivagiri, juu ya kilima huko Varkala, mwaka 1912 alimjengea Sarada, mungu wa elimu, jengo la pembe nane lenye madirisha, mwanga na hewa, bila sadaka za vyakula wala msururu wa ibada. Karamukku aliweka taa. Murukkumpuzha aliweka bamba lenye maneno ya ukweli, wajibu, huruma na amani. Kalavancode, mwaka 1927, aliweka kioo.

Kioo hicho kimeandikiwa falsafa nyingi, kwamba mwabudu amtafute Mungu ndani ya nafsi yake na kadhalika. Sitaki kuikanusha, Guru alikuwa kwelikweli mwanafalsafa wa Advaita, mafundisho kwamba nafsi na Mungu ni kitu kimoja, na hayo angeweza kuyasema. Ila wasimulizi wengi huiruka sehemu ninayoipenda zaidi, yaani ugomvi. Wazee wa pale walitaka sanamu kama hekalu lolote lenye hadhi. Vijana hawakutaka sanamu kabisa. Guru akaagiza kioo kiletwe, kikaandikwa neno Om, kikawekwa penye sanamu. Wazee wakapata cha kusimama mbele yake, vijana wakapata hekalu lisilo na sanamu. Kusuluhisha ugomvi wa kijiji bila upande wowote kurudi nyumbani umeaibika nako ni kazi ya kiongozi wa dini, na pengine ni ngumu kuliko falsafa. Hata hivyo, miaka 10 kabla ya kioo alikuwa ameshawaambia watu wake waache kuhangaikia mahekalu. Hekalu kuu sasa liwe shule, alisema, kwa kuwa aliona mahekalu yenyewe yanaanza kuyatunza matabaka.

Na hapo turudi kwa Wapulaya. Mlango mpya unapofunguliwa, swali la haraka ni nani anasimama nje yake. Wathiyya wa Thalassery walifungua hekalu lao la Jagannath mwaka 1908 kwa baraka za Guru, wakashangilia kwamba nao sasa wana pa kusali kwa heshima, kisha wakawazuia Wapulaya kuingia. Walifanyiwa jambo, wakajifunza namna linavyofanywa. Chama nacho kilizidi kuwa chama cha Waezhava kwa faida ya Waezhava, chenye matajiri wake na fahari yake ya ukoo.

Mei 1916 Guru alimwandikia Palpu barua fupi. Akasema chama kinapitisha mambo bila kumshirikisha, kiburi cha tabaka kinakua ndani yake, na kwamba moyoni alikuwa ameshakiacha siku nyingi. Sasa anakiacha kwa maneno na kwa vitendo pia. Mwaka huo huo akatangaza hadharani kwamba ameshatoka katika tofauti za tabaka na dini, kwamba watu wa jamii fulani wanamchukulia kuwa wao na wengi wamedanganyika hivyo, na kwamba yeye si wa tabaka lolote. Mtu aliyewajibu Wabrahmini kwa Shiva wa Waezhava alikuwa anawaambia Waezhava wenyewe kwamba Shiva huyo hayupo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ukubwa wake, kuliko mtoni. Kumkaidi aliye juu yako kunahitaji ushujaa, na Travancore ilikuwa na mashujaa wa aina hiyo. Ayyankali, Mpulaya, mwaka 1893 alivaa nguo safi akapanda gari la ng'ombe na kupita katikati ya barabara ambayo watu wake walikatazwa, akiwa tayari kupigwa. Lakini kuwageuzia mgongo watu wako wakati wameanza kufaidi jina lako, wakati chama kina nguvu na picha yako iko juu ya meza ya mwenyekiti, ni jambo ambalo viongozi wachache wa dini huliweza. Wengi hugundua wakati huo kwamba mabadiliko yasiharakishwe.

Mwanafunzi wake mmoja hakungoja. Mei 1917, huko Cherai, kijana aliyeitwa Ayyappan aliandaa mlo, Waezhava na Wapulaya wakala pamoja. Leo mtu atauliza, wamekula, kuna nini? Chakula ndicho kilikuwa mpaka wenyewe: nani amekipika, nani amekigusa, nani ameketi karibu na nani. Waezhava walimtenga Ayyappan, wakampachika jina la Pulayan Ayyappan wakidhani wanamtukana, naye akalivaa. Wengine walikwenda kwa Guru wakitumaini atamkana. Guru akampa maandishi yenye saini yake: dini ya mtu, mavazi yake na lugha yake viwe vyovyote viwavyo, watu wote ni jinsi moja, na hakuna ubaya kuoana na kula pamoja. Ayyappan alisambaza karatasi hiyo kila alipokwenda. Baadaye alikwenda mbali kuliko mwalimu wake, akasema binadamu hahitaji tabaka, wala dini, wala Mungu, na Guru hakumfukuza.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani na Guru, nalo ni wagema. Guru aliuona ulevi kuwa sumu, akawaambia Waezhava wasitengeneze tembo, wasiuze, wasinywe. Hapo sina neno. Ila aliongeza kwamba mgema ananuka, nguo zake zinanuka, nyumba yake inanuka na kila anachokigusa kinanuka. Inasimuliwa pia alisema kotama moja ikikatwa inatoa nyembe nne, na kinyozi ana heshima kuliko mgema. Najua alitaka kuwatoa watu kwenye kazi iliyofanywa kuwa kifungo chao. Lakini aliyeambiwa ananuka ni yule aliyekwea mnazi, ilhali fedha kubwa za tembo zilikuwa kwa wenye kandarasi za vileo, ambao baadhi yao walikuwa Waezhava matajiri waliokaa mbele kwenye mikutano ya chama. Mtu aliyepinga unajisi wa kuzaliwa alikaribia kuurudisha kwa njia ya harufu. Wafuasi wake huipita sehemu hii haraka.

Mwaka 1924 suala la barabara likalipuka Vaikom. Machi 30 watu walianza kuandamana kwa amani kudai barabara zinazozunguka hekalu la Shiva la mji huo zifunguliwe kwa kila mtu. Hawakudai hata kuingia hekaluni, barabara tu. Harakati ilidumu miezi 20 hivi, chini ya masharti ya Gandhi: msivunje uzio, msitukane, simameni, mkamatwe. Mafuriko makubwa ya mwaka huo yalipokuja, waandamanaji walisimama zamu zao mbele ya vizuizi maji yakiwafika kiunoni, askari wakilinda barabara kutoka kwenye mitumbwi.

Guru alitoa rupia 1,000 na nyumba yake ya watawa iwe kambi. Alipohojiwa, alisema jambo lililomkera Gandhi. Kusimama kwenye mvua hakutasaidia kitu, alisema. Waruke uzio, wapite barabarani, waingie hekaluni, na wali mtamu ukigawiwa waketi na wanaokula wale. Gandhi aliandika gazetini kwamba huo si mwenendo wa amani, na Guru akafafanua kwamba hakukusudia ghasia. Ukisoma mahojiano yale utaona mtu yule yule wa Aruvippuram, ambaye idhini haikuwahi kumvutia.

Gandhi alikuja mwenyewe Machi 1925. Vaikom alikwenda kuzungumza na Mnambudiri mwenye sauti kubwa hekaluni, katika jumba la Indanthuruthil. Hakuingizwa ndani, kwa kuwa Gandhi hakuwa Mbrahmini. Alikalishwa kwenye banda la nje. Jumba hilo lilikuja kuuzwa, na leo ni ofisi ya chama cha wafanyakazi wagema tembo wa Vaikom. Kutoka Vaikom Gandhi alipanda Sivagiri kuonana na Guru. Alimuuliza kama anajua Kiingereza, Guru akajibu hajui, naye akamuuliza Gandhi kama anajua Kisanskriti. Gandhi akaonyesha mwembe, akasema majani ya mti mmoja hayafanani. Guru akasema yatafunwe, ladha itakuwa moja. Sivagiri wakati huo ililea watoto wa Kipulaya waliofundishwa sala na maandiko, na Gandhi aliwasikia wakisoma. Baada ya ziara hiyo aliendelea miaka mingi kubadilika kuhusu matabaka, ingawa siwezi kusema ni mwembe ule uliombadilisha.

Hoja ya kufungua barabara ilianguka katika baraza la kutunga sheria la Travancore kwa kura 22 dhidi ya 21. Mwisho wa 1925 yakafikiwa mapatano: barabara za pande tatu zikafunguliwa, ya mashariki ikabaki kwa wakubwa. Guru alifariki Sivagiri Septemba 20, 1928, kabla mahekalu ya ufalme hayajafunguliwa. Tamko la mfalme la kuwaruhusu Wahindu wote kuingia lilitoka Novemba 12, 1936. Palpu, aliyekataliwa kazi ujana wake, aliishi kuliona.

Miezi michache kabla ya kufa, wafuasi walikwenda kumwomba ruhusa ya kuanzisha hija ya kila mwaka Sivagiri. Akauliza, ya nini? Kisha akaweka masharti. Mahujaji wavae nguo ya njano, lakini wasinunue hariri wala kitambaa kipya; wachukue nguo waliyonayo waichovye kwenye maji ya manjano, ambayo inaweza kufuliwa ikatumika tena. Wasitumie fedha ovyo. Na wakifika wasikilize wataalamu wakifundisha elimu, usafi, ibada, ushirika, kilimo, biashara, kazi za mikono na ufundi. Sidhani kama kuna hija nyingine duniani iliyowekewa kilimo na ufundi katika ratiba na mwanzilishi wake.

Hija hiyo hufanyika kila mwisho wa Desemba, nayo sasa ni jukwaa kubwa la wanasiasa. Picha ya Guru, mzee aliyenyoa aliyejifunika shuka, iko kwenye maduka na vyumba vya Wamalayali, yaani watu wa Kerala, kuanzia Kollam hadi Maskati na Dubai, ambako wasomaji wa gazeti hili wenye ndugu Ghuba huenda wameiona bila kumjua ni nani. Chama alichokikana kingali na jina lake, na mwaka 2015 uongozi wake ulizaa chama cha siasa. Kurasa za wachumba katika magazeti ya Kerala bado hupangwa kwa matabaka, na Waezhava wana safu yao. Mtu aliyesema si wa tabaka lolote amekuwa mtakatifu wa tabaka.

Desemba 2024 mkuu wa watawa wa Sivagiri alitaka desturi ya wanaume kuvua mashati wanapoingia mahekaluni iachwe, kwa maelezo kwamba ilikuwa njia ya kuangalia nani amevaa uzi mtakatifu wa Kibrahmini. Waziri Mkuu wa jimbo akaunga mkono, viongozi wa Wanair wakapinga, magazeti yakajaa mashati kwa wiki kadhaa. Miezi miwili baadaye kijana mmoja wa Kiezhava, aliyefaulu usaili wa bodi ya serikali inayoajiri watumishi wa mahekalu, alianza kazi ya kusuka mashada ya maua katika hekalu la Koodalmanikyam, mjini Irinjalakuda. Makuhani wakagoma. Wasimamizi wakamhamishia ofisini, na mzozo ukafika hadi Mahakama Kuu ya Kerala.

Siipuuzi hoja ya shati, lakini ningeiacha ingoje. Siku zile za Machi 2025 ningependa kuwaona mahujaji wa Sivagiri, maelfu yao, na nguo zao za manjano, wakiingia Irinjalakuda na kuketi uani mwa hekalu, kila mmoja akisuka shada lake, hadi makuhani waseme ni lipi kati ya hayo limenajisika.